Taharuki Haihitaji Bastola: Kupinga Hukumu Iliyozoeleka Kuhusu Mchezo wa Redio wa Kiswahili

Katika mijadala ya historia ya utangazaji wa Afrika Mashariki umezoeleka mtazamo kwamba mchezo wa redio wa Kiswahili ulikuwa darasa lililovikwa vazi la hadithi, na kwamba tamthilia ya taharuki ya kisaikolojia, yaani mchezo unaomweka msikilizaji roho juu kwa kumwingiza ndani ya nafsi ya mtu mwenye hofu, hatia au siri, ni mali ya Marekani na Uingereza ya miaka ya 1930 hadi 1950. Kwa mtazamo huo, wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam walipewa vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi kwa upande mmoja, wakapewa mafunzo ya afya na uzazi wa mpango kwa upande mwingine, na katikati hapakuwa na kitu. Hukumu hiyo hutolewa na watu wa aina mbili ambao kwa kawaida hawapatani: wahakiki wa fasihi, wanaoudharau mchezo wa redio kwa kuwa ulilipiwa na mashirika ili ufundishe, na wataalamu wa maendeleo, wanaousifu kwa sababu hiyohiyo. Wote wamekosea, na kosa lao huonekana wazi zaidi mchezo huo unapotazamwa kutoka Mikumi, wilayani Kilosa, mahali ambapo barabara kuu, lori na giza la jioni vilikuwa sehemu ya maisha kabla ya mwandishi yeyote kuvitia kwenye mchezo.

Kipimo kinapaswa kuwekwa wazi kabla ya hukumu. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa kwamba taharuki ni hali ya msomaji au msikilizaji kubaki na hamu ya kujua litakalofuata, lakini fasili hiyo inasema nusu tu ya jambo. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alizoea kutofautisha mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza: watazamaji wasiojua kwamba lipo hushtuka kwa sekunde chache linapolipuka, ilhali waliokwisha kuonyeshwa bomu hilo huteseka muda wote ambao wahusika walioketi mezani wanaendelea kuzungumza mambo ya kawaida. Taharuki kwa maana hii haizaliwi na kutojua. Huzaliwa na kujua mapema jambo ambalo mhusika halijui, au analijua na kulikataa. Inapokuwa ya kisaikolojia, bomu limo ndani ya mhusika mwenyewe, katika tamaa yake, kumbukumbu yake au ukaidi wake, na hakuna mtu wa nje awezaye kulitegua.

Redio iliifaa kazi hiyo kuliko jukwaa, kwa kuwa haina uso wa kuonyesha. Mchezo unaotajwa kuwa wa kwanza kuandikwa mahususi kwa redio, A Comedy of Danger wa Richard Hughes, uliorushwa na BBC tarehe 15 Januari 1924, uliwaweka wahusika ndani ya mgodi wa makaa ya mawe taa zikiwa zimezimika, ili mhusika na msikilizaji wawe katika giza moja. Miaka 19 baadaye, tarehe 25 Mei 1943, kipindi cha Suspense cha shirika la CBS kilirusha Sorry, Wrong Number, mchezo ulioandikwa na Lucille Fletcher na kubebwa karibu wote na sauti ya Agnes Moorehead. Mwanamke mgonjwa, aliye peke yake kitandani, anapiga simu, laini zinaingiliana, anawasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke fulani usiku huohuo, wakati treni itakapokuwa ikipita darajani, ili mngurumo wake umeze ukelele. Msikilizaji hutambua kabla yake ni nani atakayeuawa. Anachosikiliza kwa takriban nusu saa ni akili inayokwepa hitimisho ambalo kila mtu mwingine amekwisha kulifikia, na treni inapofika hahitaji kuelezwa kitu. Wakazi wa mji wa Kilosa, ambao umeishi na Reli ya Kati tangu enzi ya Wajerumani, wasingehitaji kufafanuliwa ni kiasi gani treni inaweza kufunika sauti ya mtu.

Kipimo hichohicho kikipelekwa Dar es Salaam, hukumu iliyozoeleka huanza kuyumba. Mnamo Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo wa vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja cha nusu saa, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mhusika aliyekumbukwa kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wanawake njiani. Kwa wanaoona darasa peke yake, Mkwaju ni mfano mbaya uliowekwa ili watu wasiuige, na habari imekwisha. Swali wasilouliza ni hili: msikilizaji wa mwaka 1993 alikuwa akijua nini kila Mkwaju alipoegesha lori na kushuka? Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikuwa wametambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka kumi iliyofuata maradhi yalikuwa yamekwisha kuenea katika mikoa yote. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado ndoto kwa mwananchi wa kawaida, kwa kuwa mpango wa serikali wa kuzitoa bure ulianza mwaka 2004. Zaidi ya hayo, virusi hukaa mwilini kwa miaka bila dalili, na aliyenavyo hula, hucheka, huendesha gari na kupanga safari ya wiki ijayo kama mtu mzima wa afya. Ugonjwa wenyewe, kwa namna unavyofanya kazi mwilini, ulikuwa umekwisha kuipanga taharuki: msikilizaji anajua, mhusika anapiga soga. Mchezo ulipomfikisha Mkwaju kwenye UKIMWI haukuwa ukifichua siri, ulikuwa ukikamilisha jambo ambalo wasikilizaji walikuwa wamelibeba mioyoni kwa muda mrefu huku wakitumaini kwamba labda, kwa namna moja au nyingine, atashtuka mapema.

Hapa ndipo Mikumi inapoingia kama ushahidi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa urefu wa takriban kilomita 50, na baada ya mwendo huo wa porini, ambako dereva hutazama kushoto na kulia kwa hofu ya tembo na nyati, malori yanayoelekea Iringa, Mbeya na Tunduma hufika kwenye mji mdogo wa gesti, mama ntilie, gereji na maduka yanayofunga usiku mwingi. Hapo hapo njia huchepuka kwenda Kilosa upande mmoja na Kidatu hadi Ifakara upande mwingine. Mtu aliyesikiliza Twende na Wakati mahali kama hapo hakuhitaji kujengewa mandhari: breki za lori lililojaa zilikuwa zikisikika nje wakati uleule zilipokuwa zikisikika redioni, na utingo aliyekuwa akigonga matairi kwa nondo kabla ya kwenda kutafuta chakula angeweza kuwa ametoka ndani ya mchezo. Haijalishi waandishi walipanga tukio lipi litokee mji gani. Studio za Marekani zililazimika kutengeneza milio ya nyayo, milango na mvua ili kumfikisha msikilizaji kwenye hofu; huku kandokando ya barabara kuu sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na barabara yenyewe, na mhusika aliyekuwa hatarini angeweza kuwa ni mgeni aliyelala chumba cha pili.

Saa ya kurushwa nayo si jambo dogo. Saa kumi na mbili na nusu jioni, katika latitudo ya Kilosa, ni karibu na jua kuzama, na vijijini ambako umeme ulikuwa haujafika redio ilisikilizwa kwa betri zilizoanikwa juani mchana kutwa ili zivute siku mbili tatu zaidi, watu wamekaa barazani au jikoni, nyuso zikififia. Hughes alilazimika kuzima taa za mgodi wa kubuni ili apate giza hilo. Tanzania ililipata bure, na kumweka mke na mume wasikilize habari za dereva mwenye siri katika saa ambayo hawaonani vizuri nyuso ni uamuzi wa kisanaa, hata kama aliyepanga ratiba alikuwa akifikiria tu muda ambao wakulima wamerudi kutoka shambani.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba mchezo uliolipiwa ili ufundishe hauwezi kuwa sanaa ya taharuki. Ni kweli kwamba Twende na Wakati uliungwa mkono na mashirika ya idadi ya watu, likiwemo lile la Umoja wa Mataifa, na kwamba ulifuata mbinu iliyobuniwa na Miguel Sabido katika televisheni ya Mexico miaka ya 1970. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa, haina budi kuuangusha mchezo wa Marekani kwanza. Suspense, kipindi kinachotajwa kama kilele cha aina hii ya utunzi, kililipiwa na kampuni ya mvinyo iitwayo Roma, kisha na Auto-Lite, watengenezaji wa plagi na betri za magari, na vitisho vyake vilikatizwa na sifa za bidhaa hizo. The Archers ya BBC, iliyoanza kusikika Uingereza nzima tarehe 1 Januari 1951, ilibuniwa ili kuwafikishia wakulima ushauri wa kilimo, lakini mhusika wake Grace Archer alipokufa katika moto wa zizi tarehe 22 Septemba 1955 nchi ilitikisika, na hakuna mhakiki aliyesema kwamba huzuni ile ilikuwa batili kwa sababu kipindi kilianza kama somo la mbegu na mifugo. Kwa nini basi mchezo uliolipiwa ili uuze mvinyo uwe sanaa, na uliolipiwa ili kuzuia vifo uwe kipeperushi tu? Jibu halipatikani ndani ya michezo yenyewe. Linapatikana katika desturi ya kudhani kwamba Mwafrika anapopewa hadithi amepewa ushauri.

Desturi hiyo ina historia, na haki inataka itajwe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili usafi, maji na magonjwa, na mafanikio yake yalijenga imani kwamba redio ya Tanzania ni shule isiyo na paa. Imani hiyo ilikuwa sahihi kwa Mtu ni Afya. Kosa lilikuja ilipohamishiwa kwenye kila kilichotoka kwenye spika, kiasi kwamba wataalamu walipoanza kuuchunguza Twende na Wakati waliuliza karibu maswali ya shule peke yake: msikilizaji amejifunza nini, na amebadili tabia gani?

Hata hivyo, uchunguzi wao, uliofanywa na Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao, unatoa silaha dhidi ya mtazamo unaodaiwa kuuegemea. Kati ya mwaka 1993 na 1995 mchezo ulizuiwa usisikike kutoka kituo cha Dodoma, ambacho kilirusha vipindi vingine katika saa hiyo, ili eneo lake lilinganishwe na maeneo mengine ya nchi, kisha ukaruhusiwa. Tofauti ilionekana: matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi palipokuwa na mchezo, na Dodoma nayo ikafuata ulipofika. Lakini kilichozuiwa Dodoma kilikuwa mchezo huo. Zahanati hazikufungwa, mabango hayakung'olewa, wauguzi hawakunyamazishwa. Mkazi wa upande wa Dodoma aliweza kupata taarifa za afya kama jirani yake wa Kilosa, wilaya inayopakana na mkoa huo. Alichokikosa ni Mkwaju na mkewe. Ikiwa somo ndilo lililofanya kazi, tofauti hiyo haielezeki vizuri. Inaelezeka mtu akikubali kwamba watu walibanwa na hadithi, wakakaa siku kadhaa kati ya kipindi na kipindi wakibishana juu ya litakalotokea, na katika kubishana huko, kama watafiti wenyewe walivyoona, mume na mke wakaanza kuzungumza mambo ambayo zamani hayakuzungumzwa. Wasiwasi ulioachwa wazi mwisho wa kipindi ndio uliofungua vinywa. Wataalamu waliyapima matokeo ya taharuki kwa uangalifu mkubwa bila kuitaja taharuki yenyewe.

Hoja ya pili, ambayo ina uzito zaidi, husema kwamba wahusika wa michezo hii ni bapa, maana yake hawana kina wala mgongano wa ndani: mwema ni mwema, mbaya ni mbaya. Mbinu ya Sabido, ikisomwa kwa haraka, huonekana kuithibitisha hoja hiyo, kwa kuwa huwagawa wahusika katika wa kuigwa na wa kuepukwa. Wanaoisoma kwa haraka husahau kundi la tatu, la wahusika wanaoyumba kati ya njia mbili, ambao ndio mbinu yote huwategemea. Mtu anayeyumba ndiye malighafi ya tamthilia ya kisaikolojia popote duniani. Katika Twende na Wakati, Tunu, mke wa Mkwaju, hakuzaliwa jasiri. Anavumilia, anashuku, anajifanya haoni, kisha hatua kwa hatua anaanza kujitegemea hadi anaachana na maisha ya kumngojea dereva. Upande wake wa hadithi ni taharuki iliyo safi kuliko ya Mkwaju, kwa sababu yeye hayuko mbali na hatari kama msikilizaji wala hayuko kipofu kama mumewe. Anajua nusu. Kila safari ya lori humrudishia mwanamume nyumbani na kumuongezea swali ambalo hathubutu kulitamka, na msikilizaji anayemhesabia siku hajui aombe nini: agundue, au asigundue kwa namna itakayomvunja. Wanaomwita huyo mhusika bapa wamesikia muhtasari wake. Yeye hawakumsikia.

Ipo hoja ya tatu, ambayo hunong'onwa zaidi ya kuandikwa, kwamba kuingia ndani ya nafsi ya mtu ni mtindo wa kigeni, kwa kuwa masimulizi ya Kiafrika hujali jamii na matendo. Wilaya ya Kilosa ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuitolea hoja hiyo. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kuonyesha, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu fikra za kimaadili za Wakaguru, kwamba ngano zao za sungura na fisi, pamoja na imani zao juu ya wachawi, ni namna ya kufikiri kuhusu uchu, wivu na unafiki uliojificha katika mahusiano ya karibu kabisa. Mchawi wa masimulizi hayo mara nyingi ni ndugu, mke mwenza au jirani anayekula chungu kimoja na mtuhumu wake, na hofu hutokana na kutoweza kujua kilichomo ndani ya mtu ambaye uso wake unajulikana tangu utotoni. Huo ndio msingi wa taharuki ya kisaikolojia, na ulikuwepo milimani Ukaguru kabla CBS haijaanzishwa. Wala haikuwa ajabu kwamba Penina Muhando, aliyezaliwa Berega, Ukaguruni, mwaka 1948 na kuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa tamthilia ya Kiswahili, aliipa tamthilia yake ya mwaka 1972 jina la Hatia. Mwandishi huyohuyo aliyekuja kuwa mtetezi mashuhuri wa sanaa za maonyesho kwa ajili ya maendeleo hakuona kwamba kufundisha na kuchimba dhamiri ni kazi mbili zinazogombana.

Kuhusu wakati, neno moja linatosha. Husemwa kwamba zama za dhahabu za redio zilikwisha tarehe 30 Septemba 1962, CBS ilipokifunga kipindi cha Suspense. Zilikwisha Marekani, kwa sababu televisheni ilikuwa imeingia sebuleni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo Mkwaju alianza kuendesha lori lake redioni ndani ya zama za dhahabu za nchi yake, wala hakuwa mkia wa zama za nchi nyingine.

Hakuna haja ya kudai kwamba kila mchezo wa redio wa Kiswahili ulikuwa kazi kubwa. Ipo iliyokuwa mahubiri matupu, ambamo daktari anaingia, anatoa hotuba ya dakika tano, na mgonjwa anamshukuru kwa sentensi ambayo hakuna mgonjwa angeitamka. Na katika mfululizo mrefu uliotungwa kila wiki chini ya shinikizo la ratiba, kurasa dhaifu zilikuwa nyingi, kama zilivyokuwa nyingi katika Suspense. Tanzu huhukumiwa kwa kilele chake, na kilele hakiwezi kuonekana na mtu anayesoma ripoti za tathmini peke yake. Idara za fasihi na sanaa za maonyesho katika vyuo vikuu vya Tanzania ziwapeleke wanafunzi wao kwenye maktaba ya sauti ya Shirika la Utangazaji Tanzania, wasikilize kanda za michezo zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, wanakili maneno yake, wapime ukimya wake na milio yake kama wanavyopima mizani ya shairi, na kanda hizo zihamishiwe kwenye mfumo wa kidijitali kabla utepe haujaharibika. Atakayesema baada ya hapo kwamba Kiswahili hakikuwa na tamthilia ya taharuki ya kisaikolojia angalau atakuwa ameisikiliza michezo yenyewe.